Mtu Mmoja wa Kundi la Pili

Ndugu mliofiwa pamoja nasi, majirani wa mtaa huu na wa ng'ambo ya reli, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, wauguzi mliovua sare mkaja na wale mliokuja nazo, tunawashukuru kwa kutulia, maana anayesoma ni mimi kitindamimba, fundi redio, mwenye sauti ndogo, niliyepewa kazi hii si kwa ufundi wa kusoma bali kwa sababu marehemu alisema kaka yetu mkubwa ataanza kulia kabla hajafika shule ya msingi. Maneno haya aliyapitia mwenyewe mwezi uliopita akiwa kitandani, kalamu mkononi, akafuta neno "hodari" mahali pawili na neno "mpole" mahali pamoja, akisema wanaomjua watacheka msibani, kisha akaongeza sehemu moja ambayo sisi wa nyumbani hatukuijua, akataka isomwe yote mbele ya watu wote. Kaka alipinga, shemeji alitazama dirishani, mimi nilimkubalia, kwa hiyo mkisikia leo namwaga mtama kwenye kuku wengi, jueni mtama ni wake na amri ya kuumwaga ni yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu baba yetu, mtunza stoo, na marehemu mama yetu, mshonaji, ambaye asubuhi ile alikuwa amekwisha kushona kola za mashati mawili, na hadi uzee wake alimlaumu binti yake kwa kumchelewesha la tatu. Alikuwa mtoto mbishi, mwenye kuuliza, asiyekubali uji ni wa moto mpaka autie kidole, na mara nyingi alipigwa kwa kosa hilo bila mafanikio.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1968 katika shule iliyo nyuma ya karakana ya reli, akamaliza mwaka 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana, na huko ndiko alikopenda kemia, somo ambalo wenzake walilikimbia kwa sababu ya harufu. Akiwa kidato cha nne, tarehe 3 Juni 1978, baba alianguka stoo katikati ya masanduku ya boliti na hakuamka tena, naye alikuwa ameambiwa mapema kwamba ana presha na kupewa vidonge, lakini hakuvimeza, kwa hoja kwamba mtu asiyeumwa popote si mgonjwa. Dada aliporudi kutoka mazishini alivikuta vidonge vile kwenye mfuko wa koti la baba, karatasi haijachanwa, na mama alisimulia kwamba hakulia siku ile, alivihesabu tu, akavihesabu tena, akalala. Baadaye alisomea ufundi wa maabara kuanzia mwaka 1982 hadi 1984, akafaulu vizuri, ingawa neno "vizuri" pia alitaka kulifuta nikamnyang'anya kalamu.

Tarehe 7 Januari 1985 aliajiriwa katika kiwanda cha soya, wakati huo kikikamua mafuta na kuuza mashudu kwa wafugaji wa kuku, na maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja lililotazama bomba la mvuke, hivi kwamba mwaka mzima aliyefanya kazi humo alitoka kama aliyefuliwa. Mwaka uliofuata alikuja mtaalamu ambaye wafanyakazi walimbatiza Daktari wa Maharage, yupo pale mbele, anisamehe, na kazi waliyoifanya wawili hao kwa zaidi ya miaka ishirini ndiyo marehemu aliyotaka niieleze kwa usahihi, akanifanyisha mazoezi kama mtoto wa chekechea. Protini ya soya, alisema, ni ndefu kama uzi wa shanga, na ukiikata kwa vimeng'enya, au ukiichachusha kwa uangalifu, unapata vipande vidogo viitwavyo peptidi, na baadhi ya vipande hivyo vimeonekana kuutuliza ule mfumo wa mwilini unaokaza mishipa ya damu, na vingine vimeonekana kusaidia kidogo katika kupunguza lehemu, yale mafuta ya kwenye damu. Alinisisitiza niseme "baadhi", niseme "vimeonekana", na niseme "kidogo", nami nimeyasema yote matatu.

Tatizo la peptidi hizo ni uchungu, na si uchungu wa kuondolewa na sukari, ni ule unaobaki nyuma ya ulimi mpaka mchana, na ukiuondoa wote mara nyingi unaondoka pia na faida uliyoitafuta. Kazi ya dada ilikuwa kuutafuta mpaka baina ya kinywaji kinachosaidia na kinywaji kinachonyweka, na kwa kazi hiyo alionja, akaonjesha watu, akatemewa sakafuni, na hata ndoa yake ilianzia hapo, maana kati ya wanaume wote wa kiwandani waliopewa kikombe cha majaribio mwaka 1987, dereva mmoja wa lori ndiye aliyekimaliza bila kukunja uso, akaomba kingine. Walifunga ndoa tarehe 19 Novemba 1988, na shemeji amekiri kwangu wiki hii kwamba kikombe kile cha kwanza nusura kimtoe roho, na cha pili alikiomba kwa sababu ya aliyekishika.

Katika ndoa yao walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1990, ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa tarehe 27 Agosti 1994, ambaye ni fundi wa mitambo ya baridi, pamoja na wajukuu watatu, na watoto hao wamelelewa kwa maziwa ya soya kiasi kwamba kijana alipoanza shule aliuliza kwa nini watoto wengine wanakunywa maziwa ya mnyama.

Sasa nafika kwenye sehemu aliyoiongeza, na naomba wenye kuondoka mapema wasubiri.

Mwaka 2007, kuanzia tarehe 5 Februari, kiwanda kikishirikiana na kliniki ya presha kilifanya jaribio la kinywaji kile kwa watu wenye presha isiyo kali sana, kwa majuma kumi na mawili, kila mmoja akinywa chupa moja asubuhi na kila mmoja akiendelea na vidonge vyake kama daktari alivyomwandikia. Watu waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, la kwanza likapewa chupa zenye peptidi, la pili likapewa chupa za kulinganishia, zisizo na faida yoyote wala madhara yoyote, na mtu hakuambiwa yuko wapi, wala muuguzi anayempima hakuambiwa, kwa sababu binadamu akijua amepewa dawa hupona kwa mdomo kabla ya kupona kwa mwili, na anayempima naye huona anachotaka kukiona. Marehemu ndiye aliyezitengeneza chupa za kulinganishia, akazitia uchungu wa kitu kingine, akazirudia mara nyingi mpaka Daktari wa Maharage aliyeonja akiwa amefumba macho alishindwa kuzitofautisha, na nadhani katika maisha yake hakuna kazi aliyojivunia kuliko hiyo.

Juma la pili la jaribio alipeleka makreti ya chupa kliniki, akamkuta mama amekaa kwenye benchi, kitambaa kipya kichwani, mkoba magotini, akiwaeleza wenzake wa benchi namna ya kunywa chupa ile kwa mkupuo mmoja. Mama alikuwa amesikia habari za jaribio kwa mteja wake, akajiandikisha kimyakimya, na alipoulizwa kama ana ndugu kiwandani alijibu hana, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye bila haya, angesema anaye wangemnyima, na yeye hakumzaa binti akamsomesha ili dawa yake wafaidi watu baki. Dada alimvuta kando akamwomba ajitoe, mama akamuuliza kama kinywaji kina sumu, akasema hakina, mama akasema basi tusikie mengine.

Siku hiyohiyo dada alifanya kosa ambalo ametaka niliite kosa, nami nimelikuta limeandikwa hivyo kwa mkono wake, nalo ni kwamba alirudi maabara, akafungua kabati lenye orodha ya siri ya namba za chupa na makundi yake, ambalo yeye na mfamasia mmoja tu waliruhusiwa kulifungua kwa dharura, akaitazama namba ya mama, akaona kwamba mama yuko kundi la pili. Kuanzia hapo alikuwa na jambo rahisi sana la kufanya na hakulifanya. Angeweza kubadilisha chupa za mama jioni moja na asijue mtu, kwa sababu mama angekunywa uchungu uleule, lakini alijua kwamba jaribio lililoguswa mahali pamoja limeharibika lote, na kwamba watu wote wale kwenye benchi walikuwa wametoa asubuhi zao na mikono yao ili ukweli ujulikane. Angeweza pia kumnong'oneza mama, ila kumwambia mama jambo ni kuliambia soko zima. Akajipa moyo kwamba mama ana vidonge vyake, chupa ile haimwongezei wala haimpunguzii kitu, akapiga moyo konde, akanyamaza.

Mama naye akaanza kupona. Alisema kichwa kimekuwa chepesi, alisema analala usingizi wa msichana, alipanda ngazi za ofisi ya maji bila kushika ukuta na akatusimulia sote, na alimwita binti yake mbele ya wateja akamshika kidevu, akasema huyu ndiye aliyenitibu, baba yake angemngoja angekuwa hai. Kila Jumamosi dada alimuuliza kama anameza vidonge, na kila Jumamosi mama alijibu anameza, kwa ukali wa mtu anayeulizwa kama anaoga.

Tarehe 16 Aprili 2007 mama alipata kiharusi akiwa kwenye cherehani, upande wa kulia ukalala wote, na sisi tulipokuwa tukitafuta uzi wa kufungia godoro tulifungua kopo la vifungo, tukavikuta vidonge vyake chini ya vifungo, vingi, kwa maana alikuwa ameviacha tangu juma la tatu, kwa sababu vidonge vile vilimpeleka chooni kila mara na yeye alikuwa na chupa ya mwanawe. Mimi nilifikiri ni ukaidi wa kizee. Kaka alifikiri ni usahaulifu. Dada alisimama pale na lile kopo mikononi, na shemeji ndiye aliyelichukua mikononi mwake na kumkalisha.

Mama aliishi miaka minne baada ya hapo, akimtegemea dada kuoga, kula na kugeuzwa, na ulimi wake uliporudi, nusu yake, neno alilolisema zaidi ya yote lilikuwa asante. Aliamini mpaka mwisho kwamba chupa ile ndiyo iliyomwokoa na kifo, kwamba bila soya ya binti yake angekwenda palepale kama baba, akawaambia wageni hivyo, akamwambia daktari hivyo, akamwambia dada hivyo kila alipomvalisha. Ndiyo adhabu ya marehemu, ndugu zangu, wala sijui kubwa kuliko hiyo, kwamba mtu mmoja tu duniani alikuwa na haki ya kumsamehe, na mtu huyo hakuacha kumshukuru. Alijaribu kumwambia, ameandika hivyo, mara kadhaa alianza, na kila alipoanza mama alimpapasa uso kwa mkono ule mzima, na yeye akaishia kumuuliza kama anataka chai. Mama alifariki tarehe 30 Oktoba 2011.

Kuna jambo jingine dogo. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008, na yalikuwa mazuri kwa kiasi, kwamba kundi la kwanza presha yao ilishuka kidogo zaidi ya kundi la pili, na jina la marehemu liko pale, la nne. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna mstari unaosema mtu mmoja wa kundi la pili alipata kiharusi. Dada alikuwa amekwenda kwa Daktari wa Maharage akamweleza yote, namba aliyoitazama, vidonge kwenye vifungo, akaomba mama aondolewe kwenye hesabu, akajibiwa, kwa huruma lakini kwa uthabiti, kwamba kosa lake la kutazama litaandikwa kwenye taarifa, na limeandikwa, ila kanuni ni kwamba kila aliyeingia huhesabiwa mahali alipowekwa, awe ameacha vidonge au hakuacha, vinginevyo kila mtafiti angewatoa asiowapenda. Alikubali, kwa sababu ni kweli.

Kiwanda ndicho kilichousoma mstari ule kwa namna yake, na mwaka 2009 kikasimamisha bango kwenye mzunguko wa barabara, lenye picha ya familia inayocheka na maneno yanayosema kwamba kati ya waliokunywa peptidi za soya katika jaribio letu, hakuna hata mmoja aliyepata kiharusi. Alikwenda kwa meneja kuomba liondolewe, meneja akamuuliza kama maneno yale ni uongo, akasema si uongo, meneja akamuuliza sasa tatizo ni nini, na dada yangu, mbishi wa tangu utoto, aliaga akaondoka, kwa sababu jibu lilikuwa mama, na mama alikuwa nyumbani anasubiri kugeuzwa. Alipita chini ya bango lile akienda kazini na akirudi mpaka alipoacha kazi, tarehe 31 Desemba 2012, miaka kadhaa kabla ya wakati wake, bila sherehe, kwa kuwa aliikataa.

Baada ya hapo alinunua kipimo cha presha na kuanza kuzunguka mtaani, na hapa sihitaji kueleza sana, kwa maana nusu ya mliokaa hapa amewafunga kile kitambaa mkononi kwa nguvu. Wengi hamkumjua kwa jina lolote ila "Umemeza", kwa sababu hakuwa na habari za asubuhi wala za jioni, alimkuta mtu dukani, kwa kinyozi, hata akimzika mzazi wake, akamuuliza, umemeza? Walionuna walinuna, fundi viatu alihamisha benchi lake ili asionekane kutoka barabarani, akafuatwa hukohuko. Aliyemwambia anakunywa soya alijibiwa vizuri sana, kunywa, ina faida, mimi nimeifanyia kazi umri wangu wote, kisha akaulizwa tena lilelile. Nanyi mnaosema huko nyuma, nimewasikia tangu juzi, kwamba mbona soya haikumsaidia mwenye soya, jibu lake liko hapa kwa mwandiko wake, kwamba soya ni msaidizi wa fundi, na hakuna mwenye akili anayemfukuza fundi kwa sababu msaidizi wake ni mchangamfu.

Presha yake mwenyewe iligunduliwa mwaka 2013, akaitibu kwa uaminifu wote, lakini mwaka 2021 figo zilianza kuchoka, akapelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa juma, akawa anakwenda na kipimo chake akiwapima wasindikizaji. Mwezi wa nane mwaka huu alianza kukataa chakula, akaitisha karatasi, akaandika niliyowasomea. Nilimwambia dada, haya ya nini, mama amekufa, wewe unaumwa, nani anakudai, akasema kuna watu mtaani wanakunywa soya na kuacha vidonge kwa sababu ya bango, na kwamba mtu mmoja wa kundi la pili alikuwa na watoto watatu na cherehani, na hajawahi kutajwa popote. Alifariki tarehe 9 Septemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, binti yake akiwa amemshika mkono kwa namna ya wauguzi, vidole viwili juu ya mshipa, mpaka mshipa uliponyamaza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walivumilia kusahihishwa na mgonjwa, majirani mliolala nasi nje na mliopika, dereva wa kiwanda aliyetupatia lori bila kuuliza, Daktari wa Maharage ambaye ametueleza asubuhi hii kwamba kila neno lililoandikwa hapa ni la kweli na kwamba angeomba mstari ule wa ukurasa wa mwisho wa taarifa uwe mrefu zaidi, na wafanyakazi wote wa maabara. Msafara utapita kwenye mzunguko wa barabara, hakuna njia nyingine ya kufika makaburini, na bango bado lipo, limepauka, ila maneno yanasomeka, basi mtakapoyasoma msimzomee mtu wala kurusha kitu, someni tu mpite.

Na wewe dada, umeandika mwishoni kabisa kwamba tusikuombee pumziko kwa kuwa hujui kama unalistahili, na hapo tu ndipo nimekuvunjia amri. Mama hakukudai kitu, na hata angejua yote, mimi niliyemsikia akikuita usiku kwa ule ulimi wa nusu nakuambia asingekudai, na sisi watoto wake wawili tuliobaki hatukudai. Pumzika kwa amani, upende usipende.